CHUPA YA PILIPILI NA WALIOIANZISHA

Kama ulisikiliza kwa redio, maneno haya utayatambua. Na kama hukupata nafasi ya kusikiliza, karatasi hii imepigwa chapa kwa ajili yako, uisome polepole peke yako au pamoja na wenzako wa kikundi. Mwishoni yako maswali. Usiyaruke, maana somo lisilozungumzwa husahaulika upesi.

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za manowari. Tutazungumza habari za chupa. Huenda umeiona mezani katika hoteli, au dukani mjini: chupa ndogo, nyembamba shingoni, yenye maji mekundu ndani, na ubavuni imeandikwa Tabasco. Ni pilipili ya chupa, ya kunyunyizia chakula. Siku hizi huuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 190. Lakini mwaka wake wa kwanza sokoni, yaani 1869, zilipelekwa chupa 658 tu, na kazi yake ilianzia nyumbani, karibu na bustani ya mboga.

Basi maswali yetu ni matatu. Biashara ile ilianzaje? Ni nani walioianzisha? Na la tatu, ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kuliuliza kila siku: tunajuaje?

Safari ya pilipili

Tuanze na pilipili yenyewe. Wazee wetu wa pwani waliijua pilipili manga tangu zamani sana, kwa kuwa ililetwa na vyombo vilivyosafiri kwa pepo za msimu kutoka upande wa India. Lakini pilipili nyekundu, ile inayowasha ulimi mpaka machozi yakatoka, ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko na nchi za jirani waliilima kwa maelfu ya miaka, na kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa Afrika, wala wa Ulaya, wala wa India aliyekuwa akiila.

Baada ya hapo mbegu zilisafiri upesi kuliko habari. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakiongozwa na Vasco da Gama, na katika karne iliyofuata meli zao zilikuwa zikipita baina ya Amerika, Afrika na India. Pilipili ikasafiri nao. Watu wetu waliipokea, wakaipa jina walilokwisha kuwa nalo kinywani, wakaipanda nyuma ya nyumba, ikawa mwenyeji. Leo ukimwambia bibi yako kwamba pilipili si mmea wa hapa, atakucheka.

Itazame pilipili kichaa, ile ndogo inayosimama mtini ncha yake ikielekea juu. Wataalamu wa mimea huihesabu katika aina moja na pilipili ya Tabasco. Ndiyo kusema ile chupa ya Marekani na mti ulio karibu na jiko lako ni watu wa ukoo mmoja. Mmoja alikwenda kwa mashua ya huku, mwingine alibaki karibu na kwao.

Mtu, kisiwa na vita

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Louisiana, kusini kabisa, karibu na Ghuba ya Meksiko. Huko kuna mahali panapoitwa Avery Island, kisiwa cha Avery. Zamani kiliitwa Petite Anse. Usifikiri ni kisiwa cha baharini kama Pemba au Lamu. Ni kilima kilichozungukwa na vinamasi, na chini ya kilima hicho mna chumvi ya mawe, nyingi kama mlima uliofukiwa. Juu yake palikuwa na shamba kubwa la miwa, mali ya ukoo wa Avery, na kazi ya shamba hilo ilifanywa na watumwa weusi. Jambo hili ulishike vizuri, maana tutalirudia.

Mtu tunayemtafuta anaitwa Edmund McIlhenny. Alizaliwa mwaka 1815 huko Maryland. Akiwa kijana alikwenda mji wa New Orleans, akaingia katika kazi ya benki, akianza na vitabu vya hesabu na kupanda mpaka akawa na benki yake mwenyewe. Mwaka 1859 alimwoa Mary Eliza Avery, binti wa jaji Daniel Dudley Avery, mwenye kisiwa. Bwana harusi alikuwa na miaka zaidi ya 40. Alikuwa na fedha, na alikuwa na jina.

Mwaka 1861 vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya Kusini yalijitenga na serikali ya Marekani, na chanzo kikubwa cha ugomvi ule kilikuwa utumwa: watu wa Kusini walitaka kuendelea kuwamiliki binadamu wenzao. McIlhenny alikuwa upande wa Kusini. Mwezi wa Aprili 1862 majeshi ya Kaskazini yaliutwaa mji wa New Orleans, naye na mkewe wakakimbilia kisiwani kwa wakwe.

Mwaka huo huo, watu walipokuwa wakikichimba kisima cha maji ya chumvi kwenda chini zaidi, waligonga mwamba wa chumvi tupu. Wakati wa vita chumvi ilikuwa kama dhahabu, maana nyama ya kulisha askari haikai bila chumvi. Watumwa wakachimba chumvi ile kwa ajili ya jeshi la Kusini. Majeshi ya Kaskazini yalipokuja kuutwaa mgodi huo mwaka 1863, familia ikakimbia tena, safari hii mpaka Texas.

Vita vilikwisha mwaka 1865. Kusini ilishindwa, watumwa wakawa watu huru kwa sheria, na noti za serikali ya Kusini zikawa karatasi za kuwashia moto. Fikiri hali ya McIlhenny. Umri wake ni miaka 50. Benki hana, fedha hana, ana mke na watoto, na anakaa nyumbani kwa mkwewe. Alitafuta kazi tena New Orleans, asifanikiwe. Basi akabaki kisiwani, akashughulika na bustani.

Kazi ya jikoni

Katika bustani ile mlikuwa na miti ya pilipili. Ilifikaje? Hadithi ya familia husema kwamba mbegu zililetwa na askari aliyetoka Meksiko. Hadithi ni tamu, na huenda ina ukweli ndani yake. Lakini hadithi na hati ni vitu viwili. Tunalolijua kwa uhakika ni kwamba mwaka 1868 McIlhenny alipata mavuno yake ya kwanza ya pilipili iliyopandwa kwa ajili ya biashara.

Mapishi yake yalikuwa mepesi kueleza, magumu kuyavumilia. Alichuma pilipili zilizoiva sana, nyekundu kabisa, akazisaga pamoja na chumvi ya pale pale kisiwani. Akatia rojo lile katika magudulia, akaliacha siku 30. Kisha akachanganya na siki nyeupe ya divai ya Kifaransa, akaacha tena siku 30 au zaidi, huku akikoroga mara kwa mara. Baada ya hapo akachuja, akatia katika chupa, akaziba kwa kizibo na kufunika mdomo kwa nta ya kijani.

Ewe unayetengeneza achari nyumbani, unaijua maana ya mambo haya hata kama hukusoma vitabu vya sayansi. Chumvi huyatoa maji ya pilipili na kuwazuia vijidudu viozeshavyo. Vijidudu vingine, ambavyo haviogopi chumvi kiasi hicho, hupata nafasi ya kufanya kazi, na hivyo ndivyo vinavyotia uchachu na harufu nzuri. Siki huja kumaliza kazi, maana katika ukali wa siki vijidudu vya hatari havistawi. Ndiyo sababu pilipili hiyo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa hiyo vitu ni vitatu tu: pilipili, chumvi na siki. Cha nne ni subira, nacho hakiuzwi dukani.

Chupa 658

Mwaka 1869 McIlhenny alipeleka chupa 658 kwa wenye maduka ya vyakula, hasa katika mji wa New Orleans na sehemu za pwani ya Ghuba. Bei ya jumla ilikuwa dola moja kwa chupa. Fanya hesabu mwenyewe: zikiuzwa zote ni dola 658. Kabla ya kuhesabu faida, ondoa siki, ondoa chupa, ondoa nauli, ondoa ujira wa wachumaji. Hiyo ndiyo biashara yote ya mwaka.

Lakini angalia jinsi alivyofikiri. Watu wengi wakati ule walitia michuzi yao katika chupa zenye mdomo mpana, mnunuzi akamimina. Pilipili ya McIlhenny ilikuwa kali. Mtu akiimimina kama mchuzi angejuta, na asingenunua tena. Kwa hiyo alitumia chupa ndogo, nyembamba, za namna ya zile za marashi, zenye kitu mdomoni cha kutoa matone, ili mlaji anyunyize kidogo kidogo. Dola moja kwa chupa ndogo kama hiyo ni ghali, lakini matone machache yalitosha chakula kizima, na chupa ilidumu.

Hapa napo pana hadithi. Watu husema kwamba aliokota chupa kuukuu za marashi akaziosha, kwa sababu alikuwa maskini. Hadithi hiyo hupendeza kusimuliwa, kwa kuwa sote twapenda kusikia habari za mtu aliyeanza na takataka akatajirika. Lakini waliochunguza karatasi za biashara hiyo wameona kwamba alinunua chupa mpya za namna ile kutoka kwa watengenezaji. Je, habari hiyo inampunguzia sifa? Mimi naona inatufundisha zaidi. Mtu aliyekosa fedha alikubali kutumia kidogo alichopata kununua chombo kinachofaa. Tena mwaka 1870 alipata hati ya serikali ya kulinda namna yake ya kutengeneza pilipili ile. Hakuiacha kazi yake bila maandishi.

Je, alikuwa wa kwanza?

Watu wengi wakiulizwa ni nani aliyebuni pilipili ya Tabasco watajibu mara moja, McIlhenny. Ngoja kwanza. Huko Louisiana palikuwa na mtu mwingine, Maunsel White, mzaliwa wa Ireland, mwenye mashamba makubwa. Mwaka 1850 gazeti moja la New Orleans lilieleza kwamba White alikuwa amepanda pilipili ya Tobasco, kama jina lilivyoandikwa siku zile, na kwamba alikuwa akiichemsha na kuitia siki kali. Hiyo ni miaka 18 kabla ya mavuno ya McIlhenny. White alikufa mwaka 1863, wakati wa vita.

Je, McIlhenny alijifunza kwake? Watu wamebishana sana juu ya neno hili. Njia zao hazikuwa moja: White alichemsha, McIlhenny alitia chumvi na kungoja. Lakini ni haki kusema kwamba pilipili ile na jina lile vilikuwa vinajulikana katika nchi ile kabla yake. Na jina lenyewe halikuwa la yeyote kati yao. Tabasco ni jina la jimbo la Meksiko. Inasemekana McIlhenny mwenyewe alitaka kuiita pilipili yake kwa jina la kisiwa, Petite Anse, lakini jamaa zake hawakupenda jina la nyumbani kwao liandikwe juu ya chupa. Basi akachukua jina lile.

Kwa hiyo tukisema kwamba mtu fulani alianzisha jambo, tuseme kwa kipimo. Watu wa Meksiko walilima, mabaharia na askari walibeba, White alijaribu, McIlhenny akapata njia ya kuifanya ikae na kuuzika. Mnyororo una pete nyingi, na huyu ni pete moja.

Mikono isiyotajwa

Sasa turudi kwenye jambo nililokuambia ulishike. Ardhi ya kisiwa kile ilifyekwa na kulimwa na watumwa. Chumvi ya wakati wa vita ilichimbwa na watumwa. Vita vilipokwisha, watu walioachiwa huru katika sehemu zile wengi hawakupewa shamba wala fedha. Waliendelea kulima ardhi ya wengine, sasa kwa ujira. Na pilipili ya aina hii huchumwa kwa mkono, moja moja, kwa kuwa zote haziivi siku moja. Katika miaka iliyofuata wengi wa wachumaji wa kisiwani walikuwa watu weusi. Baadaye mchumaji alipewa kijiti kilichopakwa rangi nyekundu, akilinganishe na pilipili; ikiwa haijafikia wekundu wa kijiti, aiache mtini.

Familia ya McIlhenny ilipoteza mali yake kwa vita, na twaweza kuwaonea huruma kama tunavyomwonea huruma mtu yeyote aliyefilisika. Lakini tusisahau kwamba sehemu ya mali ile ilikuwa jasho la watu ambao hawakulipwa. Na walipoanza upya, walianza na kilima, udongo, chumvi na nyumba. Walioachiwa huru walianza na mikono mitupu. Mwandishi wa historia asiyesema hayo ameandika nusu.

Na hapa nitakuambia jambo lililowashangaza wachunguzi. Mwaka 2000 wataalamu wa kuchimbua mabaki ya zamani walifukua mahali palipokuwa na baa, katika mji wa machimbo ya fedha uitwao Virginia City, jimbo la Nevada, mbali sana na Louisiana. Baa hiyo iliitwa Boston Saloon. Mwenyewe alikuwa mtu mweusi, William A. G. Brown, na wateja wake walikuwa hasa watu weusi wa mji ule. Aliiendesha kuanzia miaka ya 1860 mpaka 1875. Katika takataka zake vilipatikana vipande vya kioo, na vilipounganishwa ikatokea chupa ya Tabasco ya miaka ya mwanzo kabisa, miongoni mwa za kale zinazojulikana.

Fikiri maana yake. Wakati biashara ile ilipokuwa ingali changa, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa, mtu mweusi mwenye biashara yake mwenyewe alikuwa akiweka mezani pilipili ya bei ghali kwa ajili ya wateja wake. Hakuna kitabu kilichotuambia. Kioo kilichovunjika ndicho kilichosema.

Biashara ilivyokua

McIlhenny alikufa mwaka 1890. Kabla ya kufa aliandika kwa ufupi habari za maisha yake, na katika maandishi hayo hakuitaja pilipili hata kidogo. Yaonekana alijiona mtu wa benki aliyepatwa na misiba. Jambo lililolifanya jina lake lijulikane duniani halikuwa, machoni pake mwenyewe, jambo la kuandikwa.

Wanawe waliendelea na kazi: kwanza John, kisha tangu mwaka 1898 Edward, aliyeiongoza mpaka alipokufa mwaka 1949. Jina la Tabasco lilileta kesi nyingi, maana watu wengine nao walilima pilipili ya aina ile na kuuza chupa kwa jina lile lile, wakisema kuwa jina la mmea ni la wote. Kesi ziliendelea kwa miaka mingi, na mwishowe familia ikashinda. Magudulia ya siku 30 yaliacha nafasi kwa mapipa ya mti wa mwaloni, yanayofunikwa kwa chumvi juu ya kifuniko, na rojo hukaa humo mpaka miaka 3. Kampuni bado ni ya ukoo ule ule.

Pilipili nyingi za kutia katika chupa hazilimwi tena kisiwani. Kisiwani hutunzwa mbegu, na mbegu hizo hupelekwa kwa wakulima wa Amerika ya Kusini na ya Kati, na wa Afrika pia. Hivyo pilipili iliyotoka Amerika ikaja Afrika kwa meli za Wareno, leo yatoka Afrika kurudi Amerika katika mapipa.

Neno la mwisho

Pengine wewe au jirani yako mnatengeneza achari ya embe au pilipili ya chupa, mkiuza sokoni chupa kumi kwa juma. Sikuambii kwamba mtatajirika kama watu wa Avery Island. Wao walikuwa na kilima cha chumvi. Nakuomba jambo dogo tu. Nunua daftari. Andika siku uliyoanza, chupa ulizouza, bei, na aliyekufundisha mapishi, awe ni shangazi au jirani. Andika pia jina la aliyechuma, aliyetwanga na aliyeosha chupa. Idadi ile ya chupa 658 tunaijua kwa sababu iliandikwa. Majina mengi ya waliochuma pilipili zake hatuyasomi popote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja habari mbili za somo hili zilizo hadithi ya kusimuliwa, na mbili zilizo na ushahidi. Unazitofautishaje?

2. Kwa nini chupa nyembamba ilifaa zaidi kuliko chupa ya mdomo mpana? Toa mfano wa bidhaa ya kwenu ambayo chombo chake hakiifai.

3. Ikiwa watu wengi wamechangia jambo moja, je, ni haki mmoja tu aitwe mwanzilishi?

4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu biashara yake ilianzaje, uyaandike majibu yake, uyalete kikundini.